Kura ya Kinyozi

6 Februari

Mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu zangu na za mama. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anatembea mpaka bombani na kurudi na habari za mtaa mzima. Anauliza kama umenenepa. Nimemwambia mtu aliyeitwa Msumari tangu shule ya msingi hawezi kubadilishwa na chakula cha kambini. Nisalimie wifi yangu na wanangu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikata. Nikianza neno unalimaliza wewe, halafu mtandao unatumaliza sote wawili. Dereva wa lori la saruji linalokuja huko kambini kwenu amekubali kuwa posta yetu. Ni yule yule aliyeendesha pikapu siku ya mazishi. Mkaribishe chai, mchana kutwa yuko barabarani.

Mimi naendelea. Watu wananiambia nitazoea, nami naitikia, maana ukibisha wanakaa zaidi. Cherehani nimeihamishia kwenye kile chumba cha kunyolea cha marehemu mume wangu pale sokoni, nikaiweka chini ya kioo. Nikishona naona mlango nyuma yangu, kama yeye alivyokuwa akiwaona wateja kabla hawajabisha hodi. Bado kuna nywele kwenye nyufa za sakafu. Nafagia kila siku na kila siku zipo. Sitaki ziishe, lakini kufagia nafagia.

Sasa jambo lenyewe. Chumba ni cha halmashauri na kimeandikwa jina lake. Nimekwenda kuomba kiandikwe langu. Karani akaniambia maombi ya vyumba vya soko yanapita kwa Diwani, na Diwani kwa sasa hana muda kwa sababu uchaguzi unakuja. Nikamwuliza, je, uchaguzi ukipita? Akacheka, akasema, "Mama, uchaguzi ukipita ndipo tutajua Diwani ni nani."

Diwani mwenyewe alitutendea wema. Pikapu ya duka lake ilikuja asubuhi ile bila mimi kuomba, ikambeba mpaka makaburini, naye akatembea nyuma yake kwa miguu, kofia mkononi. Mpaka leo sijui nani alimwambia kwamba hatuna gari. Wewe nilikutazamia siku ile mpaka tukaondoka. Najua kazi ni kazi.

Usichelewe kunijibu. Chumba hiki ndicho mkono wangu wa kulia sasa.

Dada yako.


1 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Mwambie nimenenepa shingoni tu, kwengine kote ni Msumari wake yule yule. Wifi yako hajambo. Mtoto wa mwisho ameanza kung'oka meno na anayaficha chini ya mto kama mali.

Kambi imehama tena. Stoo yangu ni kontena, mchana naiva humo ndani kama mkate. Mvua zimeanza, na ile barabara tunayoijenga ndiyo inayotuzuia kupita. Msimamizi anasema tuwe na subira. Yeye analala mjini.

Kuhusu chumba, usihangaike tena na karani. Diwani ni mtu wa kukumbuka aliyemfaa. Nasikia atafanya mkutano mkubwa uwanjani, na anataka watu wanaoheshimika mtaani wapande jukwaani waseme neno. Shemeji alikuwa akisikilizwa, dada. Unajua wewe mwenyewe watu walivyokuwa wakimwuliza kila uchaguzi, "Kinyozi, tumpe nani safari hii?" Hayupo, lakini jina lake lipo. Ukipanda ukasema tu kwamba marehemu angempa Diwani, chumba umekipata. Hata hutakiwi kusema wewe utampa nani. Ni neno moja. Shemeji hatakasirika, hakuwa mtu wa hasira.

Mengine tutaongea nikija.

Mdogo wako.


14 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika ikiwa na vumbi la saruji, mama akaipiga piga kama anamlaza mtoto. Tunashukuru kusikia habari za meno. Mama anasema asiyatupe.

Nimesoma shauri lako mara kadhaa. Kuhusu lile nililokuandikia kuwa silijui, nani alimwambia Diwani hatuna gari, hukusema kitu. Labda ulisahau.

Nikueleze yaliyotokea tangu hapo. Juzi walikuja vijana wawili wa Diwani, wamevaa fulana zenye sura yake, moja imebana tumboni mpaka Diwani amekuwa na macho mapana. Wakaniambia kwa heshima kabisa, "Fundi, marehemu alikuwa mtu wetu. Alituambia mwenyewe." Nikauliza alisema nini. Mmoja akajibu, "Nilikuwa nanyolewa, nikamwambia Diwani ndiye aliyeleta taa za sokoni, apewe tena. Marehemu akasema, kweli kabisa."

Nikashukuru, wakaondoka. Jana akaja Mwalimu. Unamkumbuka, yule aliyetufundisha hesabu sote wawili. Amestaafu na sasa anagombea kumwondoa Diwani. Alikaa, akapangusa miwani, akaniuliza kama bado nasahau kuandika majibu. Kisha akasema, "Mume wako alikuwa upande wangu. Nilimwambia hapa hapa kwamba taa za sokoni zinawaka wiki moja kabla ya uchaguzi na kuzimika wiki moja baadaye. Akaniambia, kweli kabisa, Mwalimu."

Fundi saa wa chumba cha pili alikuwa anasikiliza ukutani kama kawaida yake. Mwalimu alipoondoka akaingia bila hodi. "Usimsikilize," akasema. "Kinyozi hakumpenda mtu yeyote kati ya hao. Mimi nilimwambia wote ni wale wale, na kura yangu naiharibu. Unajua alisema nini?"

Nikamwambia, "Alisema kweli kabisa."

Akashangaa nimejuaje.

Msumari, wewe hukuwahi kumwona akifanya kazi siku nzima, kwa hiyo labda hujui. Tulipooana alikuwa mtu wa kubishana. Siku moja alibishana mpira na mteja, wembe ukiwa kwenye taya. Mteja akageuza uso ili amjibu vizuri, na kidevu kikachanika. Halikuwa jeraha kubwa, lakini alikuja nyumbani akakataa kula. Tangu siku ile akajiwekea sheria. Mtu aliye chini ya wembe habishiwi, maana ukimbishia anageuka, na akigeuka anaumia. Kila waliloliongea, yeye "kweli kabisa". Mvua itanyesha, kweli kabisa. Haitanyesha, kweli kabisa. Nilikuwa nikimcheka. Alikuwa akiniambia, "Wanataka kunyolewa, hawataki kufundishwa."

Kwa hiyo hao watu wote wanaosema walikuwa wakimfuata Kinyozi katika kura, kila mmoja alikuwa akijifuata mwenyewe. Waliondoka hapa wamenyolewa, na mawazo yao waliyokuja nayo wameyapakata, wakidhani wamepewa.

Sasa mimi nitapanda jukwaani niseme angempa nani? Sijui alimpa nani. Hakuwahi kuniambia.

Dada yako.


29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa, mvua ilikata daraja la muda na lori la saruji likakaa upande wa pili likitutazama. Nimeugua homa kidogo, nimepona. Wifi yako anawasalimu.

Nimecheka kuhusu fulana. Lakini dada, unafikiria sana. Nani anapiga kura kwa kufikiria? Huku kambini sote tunasema tutampa yule anayesema barabara itaendelea. Usidhani tunaipenda barabara. Ikiisha hatuna kazi. Msimamizi akituita tupige makofi tunapiga, na mpishi anapiga zaidi kwa sababu mikono yake ni mikubwa. Mmoja wetu anampa mgombea wa kwao kwa sababu alisoma na dada yake. Mwingine anampa aliyempa mama yake lifti. Ndivyo ilivyo. Shemeji yangu mpole hatadhurika tukiliazima jina lake kwa siku moja.

Watu wanaulizia kama utapanda. Mkutano ni mwezi wa sita. Wanataka kujua mapema ili wapange wasemaji.

Sema ndiyo, dada. Nakuomba.

Msumari.


10 Mei

Mdogo wangu,

Pole kwa homa. Mama alitaka kukutumia dawa kwenye bahasha, nikamwambia dereva atazila njiani akidhani ni peremende. Magoti yake afadhali. Ameanza kusema atampigia kura Mwalimu kwa sababu ana sauti ya mtu aliyelala vizuri. Kesho atabadilika.

Umeandika "watu wanaulizia". Nimejiuliza watu gani hao wanaoweza kukufikia wewe kambini kabla hawajanifikia mimi niliye hatua chache kutoka ofisini kwao.

Dereva alipoleta barua yako nilimpa kigoda akae, maana alikuwa amechoka. Tukapiga soga. Nikamshukuru kwa siku ya mazishi, kwamba alipita polepole kwenye mashimo kama amebeba mgonjwa. Akasema, "Fundi, mshukuru mdogo wako. Yeye ndiye aliyempigia simu mzee, Diwani, usiku ule ule, akasema amepanda mpaka juu ya tangi la maji kutafuta mtandao. Mimi nilikuwepo dukani, nilisikia."

Nikamwuliza mzee alijibu nini.

Hakutaka kusema. Alizungusha kofia yake. Mwisho akasema, "Mzee alisema gari litatoka, na kwamba nyinyi ni familia isiyosahau. Mdogo wako akasema dada hatasahau. Basi. Mimi ni dereva tu, Fundi, usinitie kwenye maneno."

Sijakasirika. Nakuandikia nikiwa nimetulia, cherehani imenyamaza, fundi saa anapiga mluzi upande wa pili. Nataka tu uniambie kama ndivyo. Na ukiweza, uniambie ilikuwaje ukapata muda wa kupanda tangini na hukupata muda wa kuja.

Dada yako.


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Sote wazima.

Gari lilihitajika. Mama alinipigia akilia kwamba kila mwenye gari mtaani amesafiri au limeharibika. Nilikuwa mbali. Nilikuwa na mtu mmoja tu ninayemjua mwenye pikapu, kwa sababu saruji yake inapita mikononi mwangu kila wiki. Nilisema lile neno bila kupima. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Kuhusu kuja, usiniulize. Nilifika mpaka getini hapa kambini, na viatu nimevaa, nikarudi.

Fanya unavyoona.

Msumari.


25 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Mama anakusalimu sana, na amesema nikuandikie kwamba hata yeye asingejua aombe nani zaidi ya yule uliyemwomba. Hilo na mimi naliandika kwa mkono wangu.

Mkutano umepita. Najua utasikia kutoka kwa wengine, kwa hiyo sikiliza kwangu kwanza.

Niliwaambia vijana wa fulana kwamba nitapanda kushukuru kwa gari, na si zaidi ya hapo. Nilifikiri ni haki. Mtu akinibebea mume wangu, namshukuru mbele za watu, hata kama gari lilikuja kwa mlango wa nyuma. Wakasema haina shida, Fundi, wewe panda tu.

Uwanja ulijaa. Mshereheshaji alikuwa na suti ya kijani na sauti kubwa kuliko spika zake. Akaniita "mjane wa mpendwa wetu Kinyozi", nikapanda zile ngazi za mbao nikiwa nimeshika gauni. Nikashika kipaza sauti. Nikasema kwamba siku ya mazishi sikuwa na gari, Diwani akatoa lake, akatembea kwa miguu nyuma ya mwili mpaka kaburini, na kwamba sitasahau. Watu wakapiga makofi kwa adabu, wengine wakainamisha vichwa. Nikarudisha kipaza sauti.

Mshereheshaji hakukipokea. Akanisogelea, akasema ili wote wasikie, "Na marehemu, mama, kama angekuwepo leo, angempa nani kura yake?"

Diwani alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilimwona kwa pembeni akiinua kidevu kidogo, kama mtu anayesubiri wembe.

Nikasema, "Sijui."

Mshereheshaji akacheka, "Mama ana aibu!"

Nikasema, "Sina aibu. Sijui. Alikuwa akimwambia kila mtu kweli kabisa. Nyinyi nyote mlikaa pale kwake. Nani aliwahi kubishiwa?"

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mimi aliniambia Diwani ndiye!" Mwingine, "Muongo, mimi aliniambia Mwalimu!" Fundi saa akasimama juu ya benchi, "Nyamazeni! Mimi aliniambia hakuna hata mmoja!" Watu wakaanza kuulizana mmoja mmoja, wewe alikuambiaje, na wewe je. Msumari, ungewaona. Baba mzima anamshika mwenzake kola, "Miaka yote hiyo nampa Diwani kwa ajili ya Kinyozi!" Mwenzake anacheka mpaka anakaa chini, "Na mimi miaka yote namnyima kwa ajili ya Kinyozi!" Mshereheshaji akaweka muziki.

Nilishuka nikicheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aondoke. Nilicheka mpaka kwenye kona ya duka la vyombo. Pale nikasimama.

Nilikumbuka kitu kidogo. Kila uchaguzi, jioni ya kuamkia siku yenyewe, tulikuwa tukikaa jikoni, yeye ananoa nyembe, mimi nachambua mboga. Namwuliza, "Wewe utampa nani?" Anasema, "Anza wewe." Namwambia yule niliyemchagua, na sababu zangu zote, na nilikuwa na sababu nyingi. Anasikiliza mpaka mwisho. Halafu anasema yale maneno yake mawili.

Nilikuwa nikilala nikiwa na furaha kwamba mimi na mume wangu tuna fikra moja. Wengine wanagombana nyumbani mwao kwa ajili ya vyama, sisi hapana. Niliwahi hata kumsifia kwa mama. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wateja wake.

Sijui hata moja aliloliamini yeye. Sijui kama alikuwa akiniogopa nisigeuke nikaumia, au kama kweli alikubali. Na sasa siwezi kumwuliza. Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani kutoka mkutanoni.

Kuhusu chumba, nadhani unaweza kubahatisha.

Dada yako.


20 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Poleni na pilikapilika za uchaguzi. Sisi tulipiga kura zetu hapa hapa, kwenye hema, msimamizi amekaa mlangoni akitutakia siku njema mmoja mmoja kwa jina. Kwa hiyo unajua tulimpa nani.

Dereva ameniambia Diwani amerudi, na si kwa tofauti ndogo. Nimeshangaa. Nilifikiri baada ya ile siku ya uwanjani angeanguka. Ameniambia pia kwamba mzee hataki kusikia jina langu, lakini saruji bado inaletwa, kwa hiyo tutazoeana.

Barua yako niliisoma kontenani nikiwa nimefunga mlango, pamoja na joto lote. Kuhusu shemeji sina la kusema. Mimi alininyoa tangu nikiwa mdogo mpaka nilipoondoka, na nilidhani sote wawili tulichukia mambo yale yale.

Nina swali moja, na kama hutaki kujibu basi. Wewe mwenyewe ulimpa nani?

Msumari.


9 Agosti

Mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu. Mama hajambo, anatembea vizuri kuliko mwanzo wa mwaka. Amekataa fimbo niliyomnunulia, anaitumia kufukuzia kuku wa jirani. Wabusu wanangu.

Umeshangaa Diwani alishindaje. Nilimwuliza fundi saa swali hilo hilo, maana yeye alikuwa mtu wa kuharibu kura. Akaona haya kidogo. Akasema, "Nilikuwa nimekusudia kuharibu. Lakini nikakukumbuka wewe pale juu, unasema hukuwa na gari, akatoa lake, akatembea kwa miguu. Nikajiambia, aliyemzika Kinyozi nitamnyimaje?" Wengi wameniambia hivyo, sokoni na bombani, kila mmoja kwa sauti ya kunifariji, kama zawadi. Hata yule aliyeshikwa kola. Taa za sokoni hakuna aliyezitaja. Shule ambayo Mwalimu aliisema mwezi mzima hakuna aliyeitaja. Kwa hiyo mimi niliyekataa kusema ndiye niliyesema. Nimelifikiria hilo sana na sasa nimeliacha. Nilishukuru kwa kitu cha kweli. Walichofanya nacho ni chao.

Mwalimu amenipitia. Hakunilaumu. Alisema alipopiga hesabu zake aliwaweka upande wake wote aliowafundisha, akasahau kutoa wale aliowafinya masikio.

Mama alimpa mmoja ambaye hata hatukumjua, wa tatu kwenye karatasi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema picha yake inafanana na mjomba wetu marehemu. Nikamwambia, mama, si mjomba alikuwa mlevi? Akanijibu, "Alikuwa mlevi, lakini hakuwahi kunipandishia sauti." Nadhani kati yetu sote yeye ndiye aliyejua hasa anachofanya.

Swali lako. Nilisimama mle ndani, nyuma ya lile boksi, kalamu imefungwa kamba. Nikaona pikapu. Nikamwona Diwani na kofia mkononi. Nikaona vijana wake wakiniambia nipande tu. Nikamwona Mwalimu akipangusa miwani. Nikawa nasubiri mtu aniitikie, kwa mazoea, na hakukuwa na mtu, palikuwa na karatasi na mimi. Nilikaa muda mrefu mpaka msimamizi wa kituo akakohoa. Kisha nikaweka alama.

Sitakuambia wapi. Sikufichi kwa ubaya. Siku ile nilielewa kidogo kwa nini yeye hakuniambia. Si lazima iwe ni uoga. Labda alitaka awe na chumba kimoja ambacho hata mimi siingii. Mimi pia sasa ninacho.

Kile chumba kingine, cha sokoni, kimekwenda. Karani alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema amepewa mmoja wa wale vijana wa fulana, atauza vocha na kuchaji simu. Akasema, "Fundi, ungesema tu lile neno." Nikamwambia ni kweli, ningesema tu. Hakuwa na kosa, aliona vibaya kuliko mimi. Natakiwa kutoka mwisho wa mwezi. Cherehani naihamishia nyumbani, barazani, na wateja wangu wawili watatu wameshaonyeshwa njia na mama. Tutaishi.

Kilichobaki ni kile kiti cha chuma cha kunyolea cha marehemu. Sitakiacha kwa muuza vocha. Alikifunga sakafuni kwa nati na kukimwagia zege miguuni, wewe ndiye uliyemshikia taa, mlikuwa mnacheka sijui nini, nilikuwa nje na sikusikia. Fundi saa anasema kinahitaji mtu wa kupasua zege bila kuvunja mguu wa kiti, na wewe hiyo ndiyo kazi unayoiona kila siku. Nimekiandalia mahali karibu na dirisha. Sina matumizi nacho, nataka tu kiwe mahali ninapokaa.

Tutakitoa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, asubuhi. Gari sijaomba kwa mtu. Fundi saa ana mkokoteni, na nyumbani si mbali.

Omba ruhusa, Msumari. Ukifika getini, toka. Na kama itashindikana, sitakuuliza sababu tena, ila asubuhi hiyo, huko uliko, unikumbuke.

Dada yako.